Mkono Uliokawia

Mume wangu aligonga gati ya Mtangawanda asubuhi kweupe, maji yamejaa, upepo hakuna, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Hakuvunja kitu. Boti ilijibamiza kwenye nguzo, abiria wakaangukiana, bibi mmoja sinia la mikate likamtoka mikononi likaenda majini. Watu walicheka, maana watu wa kwetu hucheka wakishaona hakuna aliyekufa. Yeye hakucheka. Aliwaambia gia imegoma. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu naye, nikienda Pate kumtazama mama yangu, na niliona. Gia haikugoma. Macho yalikuwa juu ya gati na mkono ulikuwa juu ya gia, na baina ya macho na mkono kikapita kitambo ambacho hakikuwahi kuwepo tangu nimjue.

Nilinyamaza. Si kawaida yangu. Nimezaliwa Pate nikaolewa Amu, mtaa wa Langoni, na Langoni nzima wananijua kwa mdomo. Muuza samaki akinipunja hupata maneno ya kumtosha mpaka Ijumaa ya pili. Lakini siku ile nilishuka gatini, nikamsaidia yule bibi kuopoa sinia, na safari yote ya kurudi sikumwambia mume wangu neno.

Nilijua ninachokiogopa. Miezi michache nyuma, tukiwa tunafungua kinywa, kikombe cha chai kilimtoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Nilipiga yowe wakaja majirani. Tulipofika hospitali walisema ni kiharusi kidogo, wakampa vidonge vya presha. Ilipofika alasiri mdomo umerudi mahali pake, maneno yamerudi, na yeye ameketi kitandani anasema njaa inamuuma. Majirani tuliwaambia ni presha tu. Akaniapisha nisiwaambie wenzake wa boti. Nilimwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema basi kifo nacho kingoje, yeye ana abiria.

Boti haikuwa riziki yake tu. Wanetu wamekua, wangetulisha, na tusingelala njaa. Lakini yeye alikuwa nahodha. Watoto wote tuliowazaa aliwavusha mwenyewe kwenda kwa babu na bibi zao Pate. Waliooa na walioolewa huko, aliwavusha yeye. Mwaka ule binti yetu wa mwisho alikuja kwetu kujifungua, kama ilivyo ada, akae arubaini zake kwa mama yake kisha arudi kwa mumewe Pate na mtoto mkononi. Siku aliyozaliwa yule mtoto, mume wangu alimsomea adhana sikioni, akamtazama, akasema, "Huyu nami tamvusha." Hilo ndilo alilolitaka duniani. Hakutaka lingine.

Habari ya gati ilifika Amu kabla yetu. Siku ya pili yake wazee wa boti, wale wenye kauli pale ukingoni mwa bahari, wakaja nyumbani. Waliketi darakani kwetu, pale kwenye viti vya mawe vya mlangoni, wakanywa kahawa, wakauliza afya ya kila mtu mpaka ya paka. Walimsifu mume wangu kwa muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikihesabu kila sifa iliyotolewa, kwa sababu najua wazee wetu: hawamsifu mtu hivyo bure. Mwisho mmoja wao akakohoa.

"Bwana, sisi hatukwambii uketi nyumbani," alisema. "Lakini watu wa nti hini ni wengi wa maneno. Enda sipitali, wakuangalie mkono. Ukirudi na neno la daktari, boti ni yako na ndia ni yako."

"Inshallah," mume wangu akajibu. Waliaga. Alibaki pale akiutazama mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua, kama mtu aliyepewa kitu cha mwenziwe akishike.

Hospitalini tulipelekwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Ni mtu wa bara, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na kila sentensi yake ilianza kwa "mzee" au "mama". Mume wangu hakupenda kuitwa mzee na hakupenda chumba. Ukutani palikuwa na picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje. Mezani palikuwa na ubao wenye matundu na vijiti vya kutia humo, tableti, na rula ndefu ya plastiki, kama ya watoto wa shule.

"Mwambie kijana huyu mimi si mwana wa kuteza mitezo," mume wangu aliniambia, kijana akiwa papo hapo anasikia.

"Hapa hakuna kushinda wala kushindwa, mzee," kijana akasema. "Nataka kujua mkono wako unaitikia baada ya muda gani."

"Mkono ni wangu. Nisipouyua mimi, nani tena wa kuuyua?"

Kijana hakukasirika. Alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema mtu akipiga hodi mlangoni, kuna muda baina ya hodi na karibu. Mwenye nyumba anaisikia sauti, anaitambua, anaamua, ndipo anajibu. Mwili nao ni hivyo. Jicho linapiga hodi, na mkono unaitikia baadaye kidogo. Muda huo kila mtu anao, hata mwenye nguvu zake, ila ni mfupi mno hatuuoni. Ukirefuka, hauonekani ukiwa umeketi unakunywa chai. Unaonekana mambo yanapokujia ghafla.

Rula ilikuwa ya kupimia hodi hiyo. Kijana aliishika juu, ikaning'inia baina ya kidole gumba na kidole cha shahada cha mume wangu, bila kuguswa. Ataiachia bila kusema lini, na mume wangu aidake. Ikidakwa karibu na chini, mkono ni mwepesi. Ikidakwa juu, imeshapita sana, mkono umekawia. Kwanza alijaribu kwangu. Niliidaka, nikaona fahari ya kijinga, kisha nikaona haya.

Kwa mume wangu rula ilikuwa ikipita. Aliidaka, lakini kule juu, karibu na mwisho. Kijana alirudia mara nyingi. Kisha akampa tableti: likitokea duara la kijani abonyeze, likitokea jekundu auzuie mkono. Kijani alikawia, na jekundu mara mbili tatu akabonyeza hivyo hivyo, akafyonza kwa hasira. Halafu vijiti na ubao, huku saa ikienda. Kijana aliandika, na sikuona chochote usoni mwake, na hicho ndicho kilichonitisha.

Ndipo nilipomtazama mume wangu midomo. Kila kijana aliposema, "Haya mzee, tunaanza," midomo yake ilitikisika. Nikasogea. Alikuwa akisoma Bismillahi Rahmani Rahim. Rula inaachiwa yeye yuko kwenye Rahmani, na akifika Rahim rula imeshapita. Kwenye kijiti, Bismillahi. Kwenye duara la kijani, Bismillahi. Nilikaribia kupiga kigelegele humo chumbani.

Huyu ni mtu asiyetia kijiko kinywani wala mguu katika kiatu bila Bismillahi. Ameambiwa anaanza jambo, na kwetu jambo lisiloanzwa kwa jina la Mungu limekatika kabla ya kuanza. Kijana wa watu alikuwa amesema "tunaanza" kila mara, na kila mara mume wangu akaanza kama alivyolelewa.

"Mwanangu," nikasema, "hukupima mkono. Umepima dua."

Nilimweleza. Kijana aliweka kalamu chini. Alisema hilo hakulifikiria, na hakuona haya kulisema. Akamuuliza mume wangu kama akiwa baharini pia husoma kila anapokata kona. Mume wangu akashangaa swali. Akasema mashine ikiwaka husoma mara moja, na hiyo yamtosha mpaka Mtangawanda. Katikati ya mkondo hakuna kuanza, kuna kwenda tu. Basi kijana akasema majibu ya siku ile hayafai. Turudi baada ya wiki mbili. Mzee atasoma mara moja pale mlangoni, kisha afunge midomo, na yeye hatasema tena "tunaanza".

Nilitoka pale kama niliyemtoa mtu jela. Njia nzima ya Langoni niliitangaza habari: kipimo kimekosea, kimepima Bismillahi ya mtu. Wanawake walicheka mpaka wakajishika mbavu. Jirani mmoja akasema hata malaika wa kulia amechoka kuandika mema yake. Binti yetu, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto kiwandani, uani mwetu, alilia kwa furaha, maana arubaini zilikuwa zinakwisha na alijua baba yake anangoja nini. Mumewe alikuwa akipiga simu kutoka Pate, kwa adabu, kuuliza lini atamwona mwanawe. Mume wangu alimjibu mwenyewe: subiri, nitakuletea mimi. Nyumba ilikuwa na raha wiki hizo mbili. Naikumbuka ile raha na ninaichukia.

Nilinunua rula dukani, rangi yake ya buluu. Kila alasiri, baada ya sala, tuliketi kiwandani mimi na yeye, magoti yakigusana. Alisoma Bismillahi moja, akafunga midomo, nami nikaachia rula. Siku za mwanzo ilimpita. Kisha akaanza kuidaka katikati. Baada ya siku kadhaa akawa anaidaka chini kabisa, kama mimi, na mara nyingine kuliko mimi. Binti yetu alikuwa akihesabu kwa sauti na kumwonyesha mtoto, mtoto ambaye hajui hata taa. Mume wangu alinenepa kwa siku zile. Alianza kunitania tena, akisema ningeolewa na mtu mwingine wa Langoni mwenye mkono mzito ningejuta.

Hata alipokwenda ukingoni, wazee wa boti walimwona anavyotembea wakasema, "Bwana karudi."

Siku ya kurudi hospitali nilivaa buibui langu jipya. Mlangoni mume wangu alisoma Bismillahi kwa sauti, kijana akaitikia kwa kuinamisha kichwa. Wakaketi. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kuangalia midomo. Midomo ilifungwa. Haikutikisika hata kidogo.

Rula ikaanguka sakafuni.

Plastiki ikianguka kwenye saruji ina sauti nyembamba, haina uzito wowote. Kijana aliiokota. Alingoja kitambo, akaiachia, mume wangu akaipata kwa ncha. Akangoja zaidi, akaiachia, ikaanguka. Akaiachia upesi, ikaanguka. Midomo imefungwa. Niliomba itikisike. Nilisema moyoni, soma, soma Bwana, tuwe na cha kusingizia.

Katikati ya hayo niliona kitu kingine. Mume wangu alikuwa haangalii rula. Kila mara kabla haijaachiwa macho yake yalinitafuta mimi, pale nilipoketi kando ya ukuta, halafu yakarudi yakiwa yamechelewa.

Kijana naye aliona. "Nyumbani nani alikuwa anaachia rula?" akauliza.

"Mimi."

Akaniita niketi mahali pake. Nikaishika rula. Magoti yakagusana kama nyumbani. Nikaiachia, mume wangu akaidaka chini kabisa, pah, na kicheko kikamtoka. Nikaachia tena, akaidaka. Nilimgeukia kijana nikitaka kumwambia, umeona? Lakini kijana alikuwa amechukua jalada la katoni, akalisimamisha baina ya uso wangu na uso wa mume wangu, ikabaki mikono yetu tu chini yake. "Achia sasa, mama," akasema. Nikaachia. Rula ikaanguka. Nikaachia tena upande wangu wa katoni, nikaisikia inagonga saruji, na upande wa pili sikusikia kitu, hata pumzi.

Alitueleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuubeba. Alisema mimi kabla ya kuachia kitu huzuia pumzi. Bega langu hupanda kidogo. Mimi mwenyewe sijui, lakini mume wangu anajua, amenijua miaka mingi, na mwili wake ulikuwa ukiisoma pumzi yangu na kutangulia. Mkono haukuwa mwepesi. Mkono ulikuwa ukiotea. Ndiyo maana yeye mpimaji huachia kwa nyakati zisizofanana, bila dalili usoni. Gati haizuii pumzi, alisema. Mtu akikata mbele ya boti na mtumbwi wake, bega lake halipandi.

Kwa hiyo wiki zote zile mume wangu alikuwa amejifunza, na kujifunza kwake kulikuwa kwa kweli, ila alikuwa amenisoma mimi.

Bado kulikuwa na ubao wa vijiti. Kijana alisema mtu mwenye kujifunza, mkono wake hupata wepesi kwa kurudia, na akilala akaamka huanzia karibu na alipoachia. Akampa mume wangu vijiti, akavitia, akarudia, na kweli kila mara alikwenda upesi kidogo. Nikashika matumaini tena, maana matumaini ni kitu kisicho na haya. Tukaambiwa turudi kesho yake. Kesho yake alianza pale pale alipoanzia jana. Alipanda tena kidogo kidogo mpaka alipofika jana, na nilimwona anajisikia anapanda, na sikuweza kumtazama usoni. Usiku ulikuwa umefuta.

La mwisho lilikuwa kutembea. Kijana alimpa kikombe cha maji, akamwambia atembee toka mlangoni mpaka dirishani bila kumwaga. Akatembea vizuri. Kisha akamwambia atembee tena, na huku atembeapo amtajie vituo vya boti toka Amu mpaka Faza. Vituo hivyo mume wangu anavijua kama majina ya wanawe. Alipotaka kutaja cha kwanza, alisimama. Alitaja, akaendelea kutembea. Alipotaka kutaja cha pili, akasimama tena. Hakumwaga tone. Lakini hakuweza kwenda na kusema pamoja. Akili ilikuwa ikimpa kimoja tu kwa wakati.

"Mzee," kijana akasema, na mara hii alivuta kiti akaketi karibu naye sana, "ukitaka kwenda kuvua hapa karibu na mwenzako, nenda. Lakini kwa boti ya abiria siwezi kusema ndiyo."

"Nikifanya mazoezi mwaka mzima?"

"Labda. Siwezi kukuahidi."

Nilitafuta hasira yangu, ile ya siku zote, nimwagie huyu kijana na rula yake na mtu wake asiye na ngozi. Sikuiona. Kama angekuwa mjinga ningemla nyama. Lakini alikuwa sawa, na alikuwa na huzuni, na alitufungulia mlango yeye mwenyewe.

Tulirudi kwa miguu kwa njia ya ukingoni. Alikataa kupanda punda, alikataa bodaboda ya baharini, kile kiboti cha kukodi. Mimi nikaanza kuzungumza, maana ndiyo dawa yangu. Nikamuuliza kama jua linamuumiza. Alisimama, akasema hapana, akaendelea. Nikamuuliza tupite sokoni tununue ndizi. Alisimama, akasema tupite. Nikamwambia kitu kuhusu mtoto, akasimama kutabasamu. Watu wakitupita, punda wakitupita, na yeye kila nikimsemesha anasimama katikati ya njia kama boti iliyozimika. Nikajiuliza amekuwa akisimama hivi tangu lini, na mimi nikidhani ananisikiliza kwa heshima. Basi nikafunga mdomo. Tukafika Langoni kimya, na alitembea vizuri.

Majirani walikuja kutaka habari za ushindi. Nilipowaambia, walinipa maneno ambayo watu hupeana. Ni mitihani. Mungu hamtupi mja wake. Mmoja akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamjibu kwamba koleo liko salama, ndani ya boti pale majini, aliyevunjika ni mhunzi. Sikumwomba radhi. Walipoondoka niliingia jikoni nikalia kwa sauti, wala sikujali binti yangu kunisikia. Nimesikia watu wakisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Siku ile niliona vyangu vyote viwili vinakufa, na mchuzi uko motoni unahitaji chumvi.

Arubaini zilikuwa zimekwisha na kupita. Mkwe wetu kule Pate alikuwa bado hajamwona mwanawe. Alasiri ya siku iliyofuata niliketi darakani, mtoto amelala pajani kwangu, binti yetu ndani anafunga mizigo. Mume wangu alikuja akaketi kiti cha mbele yangu. Alikuwa ametoka kuoga na kusali, kanzu safi, kofia safi. Mkono wa kulia ameuweka juu ya goti.

"Wazee wa boti hawayasikia neno la daktari," akasema. "Sikuwaambia. Wewe umewaambia?"

"Sikuwaambia."

"Mai ya bahari kesho ni ya asubuhi. Safari ni fupi. Ndia naiyua hata mato yakifungwa."

Mtoto aligeuza kichwa, akanyonya hewa usingizini.

"Bi," akaniita. Miaka yote ya ndoa yetu, akiniita hivyo huwa hana mzaha. "Kesho nikishika boti mimi, wewe utapanda, na mwana huyo pajani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu alipoketi, tangu hospitali, pengine tangu Mtangawanda. Nilijua neno analolihitaji na nilikuwa tayari kumpa, na hata kama boti ingezama nilikuwa tayari kuzama nayo. Lakini kabla neno halijatoka nilimtazama mtoto. Ni kitambo tu. Mtu mwingine asingekiona.

"Tapanda, Bwana," nikasema. "Tapanda na yeye."

Nilisema kwa uso mkunjufu na sauti yenye nguvu. Yeye muda wote alikuwa akinitazama usoni, kama alivyokuwa akinitazama kiwandani. Alitikisa kichwa polepole. Akanishukuru kwa kusema ndiyo, akaniombea Mungu anilipe kheri. Kisha akaniambia nimpigie simu mwenziwe wa boti, aje kesho asubuhi amvushe binti yetu.